Hesabu mlio kabla ya kushika bisibisi

Swali: "Fundi, habari za kazi. Niko Columbus, Ohio. Draya yangu ni Kenmore ya umeme, niliuziwa na jirani aliyekuwa anahama, na chujio lake liko juu, si mlangoni. Tangu mwezi uliopita nikiiwasha inanguruma kama lori linalopanda mlima. Baada ya dakika kumi hivi ngurumo inapungua, halafu inaanza kulia chwii, chwii, chwii. Nguo zinakauka vizuri tu. Fundi niliyempigia simu ametaja dola 280, na shemeji anasema ni heri ninunue nyingine. Bisibisi naijua, umeme ndio unaonitisha. Je, naweza kuitengeneza mwenyewe?"

Unaweza, dada, na hiyo nyingine usiinunue bado. Draya inayokausha vizuri huku ikipiga kelele ni kama mtu mwenye afya anayekoroma: anawaudhi waliolala karibu naye, lakini yeye mwenyewe haumwi. Koili inatoa joto, mota inazunguka, na hewa inapita. Vilivyochoka ni vipande vichache vya mpira na plastiki vinavyolibeba pipa, na waliovitengeneza walijua kabisa kwamba siku moja vitabadilishwa.

Naandika "draya" nikijua kuwa nyumbani neno hilo ni la saluni, lile kofia la kukaushia nywele. Huku ndivyo tulivyozoea kuiita mashine ya kukaushia nguo, na nikilitaja jina lote kila mara jibu hili litakuwa refu kama mkeka.

Kwanza ujue kilichomo ndani. Katikati kuna pipa kubwa la bati. Kwa nyuma limelalia rola mbili ndogo za mpira, moja kushoto na moja kulia, kama gogo lililolazwa juu ya magurudumu. Kwa mbele ukingo wake umeegemea paneli ya mbele na kuteleza juu ya ukanda wa felti, kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, na mashine nyingine zina vipande vya plastiki mahali hapo. Kiunoni pipa limezungushiwa mkanda mrefu mwembamba unaoshuka hadi kwenye mota, chini kabisa. Pembeni mwa mota kuna puli ndogo inayousukuma mkanda ili usilegee. Mafundi magari wangeiita tenshena. Mota yenyewe ina ncha mbili: moja inavuta mkanda, nyingine inazungusha feni inayovuta hewa ya moto ipite kwenye nguo na kuitoa nje kwa bomba. Ni hayo tu. Ndani hamna gia wala maji.

Sasa chukua saa yenye mshale wa sekunde, au simu yako, ukae mbele ya hiyo mashine ikiwa inafanya kazi. Pipa la draya za nyumbani za hapa huzunguka mara 50 hivi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde moja na kidogo. Rola ni ndogo, kwa hiyo pipa likizunguka mara moja zenyewe zimeshazunguka mara nane au tisa. Mota inakwenda mizunguko 1,725 hivi kwa dakika, ambayo sikio haliwezi kuitenganisha; utasikia mvumo mmoja tu usiokatika. Hesabu hizo tatu ndizo zinazomtaja mkosaji kabla hujafungua skrubu hata moja.

Ukisikia du... du... du..., pigo moja kila sekunde na kidogo, tatizo linazunguka na pipa lenyewe, au ni mkanda. Mkanda unakaribia kuwa na urefu sawa na mzingo wa pipa, ndiyo maana sehemu yake yenye ufa au iliyoungwa vibaya hugonga kwa mwendo unaofanana na wa pipa, ila ukichelewa kidogo. Ukisikia ngrrr ya haraka, mapigo mengi yaliyofuatana kama baiskeli inayopita juu ya matuta madogo, hizo ni rola. Mlio mwembamba wa chwii chwii, kama panya aliyebanwa mlangoni, mara nyingi ni puli ya kukaza mkanda, na mara chache ni rola iliyokauka kwenye ekseli yake. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma unaotoka mbele, karibu na mlango, maana yake felti au vipande vya plastiki vimelika na bati linagusa bati. Huo usiuvumilie hata wiki, kwa sababu unalikata pipa. Mvumo wenye mtikisiko ambao haubadiliki, nguo ziwemo au zisiwemo, hutoka kwenye feni au beringi za mota.

Jaribu ikiwa tupu, kisha ujaribu na mzigo wa taulo zilizolowa. Rola mbovu zinanguruma zaidi zikibebeshwa uzito. Feni haijali kama umetia taulo au hujatia.

Kwa maelezo yako mimi tayari nina majina mawili. Ngurumo inayoanza mashine ikiwa baridi na kupungua baada ya dakika kumi ni rola: mpira wake umekakamaa kwa miaka, na pipa likikaa juu yake siku kadhaa bila kuzunguka, mpira unapata ubapa mahali pamoja. Ukipata joto unalainika na kelele inashuka. Wengi hudanganyika hapo wakadhani imejiponya. Chwii inayofuata ni puli, ambayo tundu lake la katikati limetanuka; ikipata joto inaanza kuyumba kwenye ekseli. Siwezi kukuapia bila kuiona, lakini ungekuwa mchezo wa kamari ningeweka hela yangu hapo.

Kabla ya kununua chochote, ondoa visingizio vya bure. Ingiza mkono ndani ya pipa upapase matundu yake yote. Nimeitwa nyumba nyingi mno kwa sababu ya waya wa sidiria: unachomoka kwenye kitambaa, unapenya tundu la pipa, ncha inabaki nje ikigonga ta, ta, ta kila mzunguko, na mwenye nyumba ameshaambiwa na majirani kwamba mota imekufa. Angalia pia sarafu na pini za nywele kwenye mwanya kati ya pipa na paneli ya mbele. Shika kona mbili za juu uitikise mashine. Ikicheza, rekebisha miguu yake mpaka isimame imara. Halafu toka nje uangalie kifuniko cha bomba ukutani, kwani siku ya upepo hupigapiga na mlio wake ukasafiri ndani ya bomba hadi ukadhani umo kwenye draya.

Kama kelele bado ipo, fungua mlango utafute kibandiko chenye namba ya modeli, kwenye fremu ya mlango au upande wa ndani wa mlango wenyewe. Kenmore ni jina la dukani tu. Mashine zenyewe zilitengenezwa na makampuni mbalimbali, na tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazosema ni nani. Ikianza na 110, ni Whirlpool. Chujio la juu linanifanya niamini yako ndiyo hiyo, na kama ni hiyo una bahati, maana muundo wake ulidumu miongo mingi na vipuri vyake viko kila mahali. Ile ya upana wa inchi 29 ina seti inayouzwa pamoja, namba 4392065: rola mbili, puli ya kukaza, mkanda, na vibanio vyake. Mkanda wa seti hiyo una urefu wa inchi 92 na robo. Linganisha namba ya modeli yako na orodha ya muuzaji kabla ya kulipa. Usinunue kwa kuangalia picha. Mimi hununua seti hizo kwa dola 25 hadi 45, ikitegemea kama ni za kampuni au za kuiga. Za kuiga nimeziweka mara nyingi. Mikanda yake sina ugomvi nayo, rola zake zingine huanza kulia kabla ya mwaka. Kama pesa ipo, chukua za kampuni.

Nunua seti nzima hata kama una hakika ni kitu kimoja. Nilipoanza kazi hii nilijifanya mwenye huruma nikambadilishia mzee mmoja rola peke yake, nikaacha puli kwa kuwa ilizunguka vizuri mkononi. Wiki tano baadaye akanipigia: inalia. Nikarudi, nikafungua kila kitu upya bila malipo. Kufungua ndiyo kazi. Kipande chenyewe ni dakika mbili. Ukishafika ndani, badilisha vyote vinne.

Vifaa: bisibisi ya nyota, bokisi spana ya inchi 5/16, skrepa bapa ya kukwangulia rangi, koleo lenye ncha nyembamba, tochi, mashine ya kufyonza vumbi, na glavu nzito. Glavu usizidharau. Kingo za bati la ndani hazikusuguliwa na mtu yeyote kiwandani, na makovu ya vidole vyangu yote yametoka huko, hakuna hata moja la umeme.

Na huo umeme unaokutisha, ni haki yake kukutisha. Soketi za kawaida za hapa ni volti 120, lakini draya ya umeme inakula 240 kwenye breka (ile swichi ya kukata umeme kwenye boksi la umeme la nyumba) ya ampea 30. Dawa yake ni fupi: ng'oa plagi. Usizime kwa kitufe ukaridhika. Ivute mashine mbele, chomoa plagi nzito kabisa, uilaze mahali unapoiona kwa macho muda wote wa kazi. Kama plagi haifikiki, zima breka yake, halafu jaribu kuiwasha mashine kuhakikisha imekufa kweli, kisha uivute na bado uchomoe plagi. Kazi hii haikutaki ufungue pale nyuma waya mkubwa unapoingia, hivyo pale usipaguse. Ingekuwa draya ya gesi ningekuambia mambo mengine, la kwanza likiwa kutoifungua nati yoyote ya bomba la gesi.

Fungua klampu ya bomba la hewa nyuma, uivute mashine uwe na nafasi ya kuizunguka. Toa chujio. Kwenye mdomo lilipokuwa utaona skrubu mbili za nyota. Zitoe, na uziweke kwenye kikombe. Sasa kifuniko cha juu kimeshikwa na vibanio viwili tu kwa mbele. Zungushia skrepa tepu ili usichubue rangi, iingize chini ya ukingo wa mbele wa kifuniko, inchi mbili hivi kutoka kona, usukume ndani huku ukiinua. Kitatoa mlio wa tak, utashtuka, ni kawaida. Fanya hivyo kona ya pili. Kifuniko kinainuka kama boneti ya gari, kiegemeze ukutani.

Piga picha. Piga picha nyingi kuliko unavyodhani unahitaji.

Ndani, kona mbili za juu, kuna skrubu zinazoshika paneli ya mbele. Hizo ndizo za bokisi ya 5/16. Kabla ya kuzitoa, chomoa waya wa swichi ya mlango, ambao una kiungo chake kidogo upande mmoja. Kumbuka nilivyosema: kwa mbele pipa limeegemea paneli hii. Ukiiondoa, pipa linashuka. Lizuie kwa goti au mwombe mtu alishike, kisha inua paneli itoke kwenye ndoano zake za chini. Pipa likishuka kidogo halitavunjika, ila usiliache lianguke kwa kishindo juu ya mota.

Piga magoti upeleke tochi chini ya pipa. Utaona mkanda unavyopita kwenye puli ya kukaza na kuzunguka kwenye puli ndogo ya mota. Hapo piga picha tatu, kutoka pembe tofauti. Ndizo zitakazokuokoa baadaye. Sukuma puli ya kukaza kwa mkono ili mkanda ulegee, uutoe kwenye mota. Katika mashine nyingi za aina yako kishikizo cha puli hakina skrubu hata moja: kimechomekwa tu kwenye nafasi iliyokatwa kwenye bati la chini, na kinachokishika mahali pake ni mkanda wenyewe. Mkanda ukitoka, nacho kinaanguka. Wengi wakikikuta kimelala sakafuni wanadhani wamevunja kitu. Hujavunja.

Shika mkanda kama mpini, ulitoe pipa kwa mbele. Ni jepesi kuliko linavyoonekana, lakini pana, kwa hiyo sogeza watoto na chai.

Utakachokiona baada ya hapo kitakuaibisha kidogo, na usijali, kila mtu anaaibika. Sakafu ya mashine itakuwa imefunikwa na manyoya ya nguo, yale mavumbi laini ya nyuzi unayoyabandua kwenye chujio, yaliyopita pembeni kwa miaka. Wengine hunikaripia nikitumia nusu saa kufyonza manyoya wakati wao wamenilipa nimalize kelele. Mimi naihesabu hiyo nusu saa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moto, USFA, ilikadiria kwa takwimu za 2008 hadi 2010 kwamba kila mwaka draya zilianzisha moto wapatao 2,900 kwenye majengo ya makazi, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa. Fyonza kila kona, hasa kuzunguka mota na lile kasha la koili. Koili yenyewe usiisukume wala usiikwangue. Na kama bomba lako la nyuma ni la plastiki nyeupe linalokunjika kama akodiani, litupe leo leo, ununue la chuma.

Rola sasa ziko mbele yako, chini kwenye ukuta wa nyuma. Zizungushe kwa kidole kabla ya kuzitoa, ili ujue ulichokuwa unasikia. Rola nzima inazunguka kimya na haiyumbi. Mbovu inakwamakwama, au ukiibonyeza kwa pembeni inacheza kama jino la mtoto. Mbele ya kila rola kuna kibanio cha plastiki chenye pembe tatu. Kitanue kwa koleo, kitatoka, na kikivunjika si hasara kwa kuwa seti imekuja na kingine. Vuta rola. Futa ekseli kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Ukiipitishia ukucha ukasikia mfereji uliochimbika, ekseli nayo imekwisha na rola mpya italia tu, basi agiza na ekseli. Ikiwa laini, ingiza rola mpya, rudisha kibanio, na uhakikishe inazunguka huru.

Mafuta usitie. Najua mkono unawasha, maana sisi tumelelewa na cherehani, na cherehani ikilia unaidondoshea matone mawili inanyamaza. Draya si cherehani. Kuna jamaa aliyepitisha mrija wa kopo la mafuta ya kupuliza kwenye matundu ya pipa akapuliza kila alichokiona. Akapata siku tatu za ukimya. Siku ya nne mkanda ulianza kuteleza, kwa sababu mafuta yaliufikia, na nilipofungua nikakuta manyoya yamegandana nayo kuwa tope jeusi kuzunguka rola, karibu kabisa na koili inayowaka nyekundu. Rola hizi zimetengenezwa zijitegemee. Zikilia, zimekwisha.

Puli ya kukaza ni ile ile habari: toa ya zamani, ilinganishe na mpya, uiweke pembeni, utaichomeka mkanda unaporudi. Ukingali ndani, shika puli ya mota uizungushe kwa mkono, kisha ujaribu kuiyumbisha juu na chini. Ikizunguka laini bila kucheza, mota ni nzima. Ikikwaruza kama ina mchanga, acha kwanza. Mota mpya pamoja na kazi yake ni hesabu nyingine, na kwa draya ya mtumba hapo ndipo shemeji yako anaweza kuwa na hoja. Angalia na feni: itikise, isiwe imelegea kwenye ncha ya mota. Ndani yake nimekuta soksi, funguo, risiti zilizosagika, na mara moja hereni ya dhahabu ambayo mwenyewe alikuwa ameshamsingizia mdogo wake.

Felti ya mbele na ya nyuma ipitishie vidole. Ikiwa imebaki nyembamba kama kitambaa cha shati, au imechanika, ibadilishe. Haimo kwenye seti.

Kurudisha pipa ndiko kunakowatoa watu jasho, kwa hiyo nenda pole. Livalishe pipa mkanda mpya kabla ya kuliingiza. Upande wenye mifereji unatazama pipa, upande laini unatazama nje. Pipa la zamani lina alama inayong'aa mahali mkanda wa kale ulipopita. Uweke mpya juu ya alama hiyo hiyo. Ingiza pipa, liketi juu ya rola mbili, kisha ulizungushe taratibu huku ukiangalia ukingo wa nyuma: felti haipaswi kukunjamana ndani. Ikiwa imekunjwa mahali, ivute nje kwa kidole ukiendelea kuzungusha. Usiruke hatua hii, kwa maana felti iliyokunjwa italeta mkwaruzo mpya na utadhani kazi yote imekwenda bure.

Sasa mkanda chini. Chomeka kishikizo cha puli kwenye nafasi yake. Kunja mkanda uwe kitanzi, kipitishe chini ya gurudumu la puli ya kukaza, ukivute hadi kwenye puli ndogo ya mota. Ukiutazama kwa pembeni, njia yake inafanana na herufi Z iliyolala. Mifereji inakaa kwenye puli ya mota, na mgongo laini unagusa puli ya kukaza. Kinyume chake ni kosa. Hapa utaangalia picha zako tatu na utanishukuru. Utafanya kwa kupapasa, mkono mmoja umebanwa, na mkanda utakuchoropoka mara mbili tatu. Mimi bado hunichoropoka. Ukishashika, zungusha pipa kwa mkono mizunguko mitano sita mpaka mkanda ukae katikati na usisogee tena.

Rudisha paneli ya mbele: kwanza ndoano za chini, kisha inua pipa liingie kwenye mduara wake, kisha skrubu mbili. Rudisha waya wa swichi ya mlango. Huo ukisahauliwa, mashine haitawaka kabisa na watu hulia kwamba wameiua. Mkanda usipokaa vizuri pia baadhi ya mashine hukataa kuwaka, kwa sababu zina swichi inayozima mota mkanda ukikatika. Funga kifuniko, skrubu za chujio, chujio, bomba la nyuma na klampu yake. Mwisho kabisa, plagi.

Iwashe ikiwa tupu, joto likiwa limezimwa, dakika mbili. Harufu kidogo ya mpira mpya siku ya kwanza haina neno. Harufu ya kuungua au moshi ina neno: chomoa papo hapo. Halafu tia mzigo wa kawaida na ukae tena na saa yako.

Kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza, tenga saa tatu, siku ambayo hufanyi kazi ya usiku. Fundi aliyekutajia dola 280 hakukuibia. Ana gari, ana bima, na rola amezibadilisha mara mia. Ila kama ungeniuliza kati ya kumlipa yeye na kununua mpya, ningekuambia mlipe yeye. Mashine hizo za zamani zenye chujio juu ni ngumu, na draya mpya nazo zina rola, puli na mkanda vile vile.

Kelele ikiisha utaanza kusikia vitu ambavyo ngurumo ilikuwa imevifunika: zipu zikigonga bati, feni ikivuma, na kila baada ya dakika chache tak moja kavu kutoka nyuma. Hiyo tak ni kidhibiti joto kikiikata na kuiwasha koili. Kiache, usikifungulie mashine tena.